Beseni la Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hilo bila aibu, ingawa mke wangu akilisema mbele ya wageni huwa lina mlio mwingine kabisa. Kochi letu hapa Euless, Marekani, limeshika umbo langu kiasi kwamba mgeni akilikalia huinuka mwenyewe baada ya muda na kwenda kutafuta kiti cha plastiki. Kazi yangu naifanyia chumba cha nyuma, nimevaa kaptula: napanga malori ya mizigo yanayotoka uwanja wa ndege, nawaambia madereva wapite wapi na wakwepe wapi. Ukiniuliza njia ya kwenda Houston nitakutajia hata pale lami ilipobenuka. Lakini kuendesha mwenyewe mpaka huko, jamani, hiyo ni kazi ya watu wengine, na ndiyo maana wanalipwa.

Kwa hiyo Mungu akaona aniletee safari ya Houston kila mwezi, na abiria akanipa mama mkwe.

Mama alikuja kutoka Tabora kutusalimia. Alikuja na asali, karanga, vitenge vya mwanawe, na uvimbe kwenye titi ambao hakumwambia mtu. Mke wangu ni nesi. Siku alipomwona mama yake anashindwa kuinua mkono kufunga ushungi, alimwingiza chumbani, akafunga mlango, na alipotoka hakuwa tena yule mke wangu anayenitania kuhusu kochi. Vipimo vikafuata, na jina la ugonjwa likatajwa. Mimi na mama hatujawahi kulitamka jina hilo mmoja mbele ya mwenzake mpaka leo. Yeye husema "kile kitu". Mimi nasema "ile safari".

Ile safari ilikuwa hivi. Kule Houston kuna hospitali iliyokuwa inajaribu namna mpya ya kumpa mgonjwa dawa. Badala ya vidonge vya kila siku, wanakuwekea kijiti chini ya ngozi ya tumbo, kidogo kama punje ya mchele, na chenyewe kinayeyuka polepole na kuachia dawa kidogo kidogo, leo tone, kesho tone, kwa miezi. Mke wangu alihangaika mpaka mama akakubaliwa. Masharti yalikuwa kwenda kila mwezi kupimwa damu na kutazamwa. Nani atampeleka? Mke wangu ana shifti zake, watoto wana shule. Wote wakageuka kulitazama kochi.

"Wewe si unaijua ile barabara kwa moyo?" mke wangu akasema.

"Naijua kwa simu."

"Basi sasa utaijua kwa matairi."

Tatizo langu halikuwa barabara peke yake. Msomaji aliyelelewa kama sisi ameshalishika. Huyu ni mama mkwe. Kwao Unyamwezini mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawakai karibu, na mambo ya mwili ndiyo usiseme. Mimi kwetu ni hivyo hivyo. Mama alikaa kiti cha nyuma, upande wa pili kabisa, kama abiria wa teksi aliyeonywa kuhusu dereva. Nilimkaribisha mbele mara ya kwanza, akashtuka kama aliyeambiwa aje anibebe mgongoni.

Tena hakusema nami moja kwa moja. Alisema na hewa. Tukifika mbali, karibu na Corsicana, nasikia kutoka nyuma: "Sijui kama gari hili huwa linasimamaga mahali."

"Linasimama, mama."

"Mimi sina haja. Nauliza tu kama gari nalo huwa linachoka."

Nikatoka barabara kuu na kuingia kituo cha mafuta, na mama akaenda chooni mbio, kwa mwendo wa mtu ambaye hana haja. Saa nne za hivyo kwenda, saa nne kurudi, redio imezimwa kwa heshima.

Hospitalini ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mimi nakaa nyuma ya pazia, nimegeukia ukuta, nasoma bango la kunawa mikono. Wanampigia mkalimani kwa simu. Mkalimani ni Mkongo mwenye sauti nzito, mtu mstaarabu, anajitahidi. Daktari wa utafiti, mama mmoja mwembamba mwenye subira kuliko kuta za jengo lile, anauliza: maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi, yako ngapi? Mkongo anauliza kwa Kiswahili chake. Halafu nasikia mama: "Namshukuru Mungu."

Daktari anauliza kama anapata kichefuchefu.

"Mungu anasaidia."

Kizunguzungu?

"Hatujambo. Na yeye nyumbani kwake hawajambo?"

Mkongo akalazimika kujibu kwamba kwake hawajambo, watoto wako shule, na ile karatasi ya maumivu ikabaki nyeupe. Nikitoka mle huwa nimechoka kuliko mgonjwa.

Ila dawa ilifanya kazi. Hilo lazima niliseme, maana ndilo lililotufanya sote tuendelee kuteseka kwa moyo mmoja. Miezi ya kwanza uvimbe ulipungua. Mkono ukainuka, ushungi ukafungwa. Mke wangu alianza tena kunitania. Mama akaanza kuingia jikoni na kutuonyesha kwamba ugali tuliokuwa tunaula miaka yote hii ulikuwa uji uliokata tamaa.

Na hapo ndipo alipoanza kuomba maji ya moto.

Kila jioni, baada ya kula, alisimama mlangoni mwa jikoni, akilitazama birika, si mimi. "Sijui kama maji ya moto yanapatikanaga nyumba hii."

"Yapo, mama. Ya nini?"

"Miguu. Baridi ya huku inaingia kwenye mifupa."

Ilikuwa Julai. Nje, hapa Euless, ukiacha chupa ya maji kwenye gari unaweza kuchovya majani ya chai. Lakini kiyoyozi chetu kweli huwa nakiweka cha barafu, kwa ajili ya faraja yangu mwenyewe, kwa hiyo nikaona kosa ni langu. Nikachukua beseni la bluu tulilonunua duka la Wahindi kule Irving, nikajaza maji, nikaliweka mbele ya mlango wake, nikagonga, nikakimbia. Ndivyo mkwe mwema anavyofanya.

Kesho yake nikasikia kutoka mlangoni: "Yale ya jana yalikuwa ya kumwogeshea mtoto."

Nikaongeza moto. Akaomba na chumvi kidogo. Nikatia chumvi. Akaomba kitambaa kizito. Nikampa taulo langu jipya kabisa. Nilijivuna, sitaki kudanganya. Nilimpigia kaka yangu simu nyumbani nikamwambia, "Wewe mama mkwe wako ulishawahi kumchemshia maji?" Akakiri kwamba hajawahi. Nikalala usingizi mzuri.

Muda si mrefu mama akaanza kuumwa upya, na ugonjwa mwingine. Kutapika asubuhi. Jasho. Kizunguzungu mpaka anashika ukuta kwenda chooni. Mke wangu akampima hiki na kile, akasema hii ni dawa, imemzidi. Safari iliyofuata Houston ikathibitisha. Damu ya mama ilikuwa na dawa nyingi mno, na kijiti kilikuwa kinaisha kabla ya wakati wake. Daktari wa utafiti alinieleza polepole, akijua Kiingereza changu ni cha Form Four kilichomaliziwa na madereva wa malori: hawaelewi kwa nini. Wagonjwa wengine hakijawafanya hivyo. Kama safari ijayo hali ni ile ile, itabidi kijiti kitolewe na mama aondolewe kwenye utafiti, kwa usalama wake. Na dawa hiyo, nje ya utafiti, haipo.

Nikampigia mke wangu kutoka maegesho.

"Umemuuliza kama anatumia dawa nyingine?"

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

"Anamshukuru Mungu."

"Muulize tena!"

"Mke wangu, mimi ni mkwe wake au polisi? Mwulize wewe, ni mama yako."

Akamwuliza. Kila jioni akamwuliza. Lakini kuna jambo. Mwanzoni kabisa mke wangu alikuta chupa ya dawa ya mizizi chini ya godoro la mama, akaimwaga kwenye sinki mbele yake, na kusema kwa ile sauti ya wodini, "Mama, huku hatufanyi hivyo." Tangu siku hiyo mama alikuwa na jibu moja kwa mwanawe mwenye sare: hapana, hakuna, situmii. Na kweli hakuwa anatumia. Mke wangu alipekua begi, godoro, mpaka mifuko ya vitenge. Hakuna mzizi, hakuna unga, hakuna jani. Mama alikaa kitandani akitazama upekuzi kwa utulivu wa mtu asiye na hatia, akanywa chai.

Jioni nikampelekea beseni lake. Nilimhurumia.

Ikafika ile safari ya kuamua. Mke wangu alikuwa ameomba ruhusa aje nasi. Asubuhi ile ile mwenzake wa shifti akaumwa, mke wangu akazuiwa kazini, akanitumia ujumbe mfupi wenye herufi kubwa ambazo sitazinakili. Tukaenda wawili, mimi mbele, mama nyuma, kimya. Mahali fulani baada ya Huntsville nikasikia sauti ndogo: "Sijui hicho kijiti wakikitoa, kile kitu kinarudi."

Hakuwa anasema na hewa. Nilitazama kwenye kioo, jambo ambalo sifanyi, na macho yetu yakakutana, jambo ambalo hatufanyi. Sote wawili tukatazama pembeni haraka. Nikasema, "Tunakaribia, mama." Nilijidharau mpaka tulipofika.

Mle ndani mambo yakawa yale yale. Mkongo kwenye simu, namshukuru Mungu, pazia, bango la kunawa mikono. Daktari akashika kichwa. Nesi wa utafiti akasema ngoja kidogo, ghorofa ya juu kuna mtu wa kutoka Tanzania, anafanya kazi za takwimu, si mkalimani, lakini labda mama ataongea akimwona mtu wa nyumbani. Nikasema sawa. Ningesema sawa hata kama wangeniletea mpiga zeze.

Akaja mtu wa makamo, raba miguuni, kitambulisho kinaning'inia kifuani, uso wa mtu aliyeendesha kutoka Katy, nje kidogo ya Houston, asubuhi na bado hajasamehe barabara. Kazi yake, nilikuja kuelewa baadaye, ilikuwa kuhesabu saratani za nyumbani: wangapi wanaugua kwa mwaka, ya aina gani, mkoa gani. Aliamkia vizuri. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama wa wapi?"

"Tabora."

"Tabora kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Yule bwana akarudi hatua moja. Akamtazama mama kuanzia ushungi mpaka ndara. Halafu akasema kwa sauti iliyojaa chumba kizima: "Mtumwa wangu! Nani amekufungulia?"

Damu ilinikauka. Nilimshukuru Mungu kwamba Mkongo alikuwa ameshakata simu na hakukuwa na mtu wa kutafsiri neno lile katika jengo lile, katika nchi hii. Nikageuka kutoka ukutani nikiwa tayari kuomba radhi kwa niaba ya taifa.

Mama alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akicheka kwa meno yote. "Wewe Mzaramo wewe!" akasema. "Nimekujua tu kwa hiyo miguu ya kucheza ngoma. Umeuza kiwanja cha nani ukapata nauli ya ndege?"

"Cha babu yako. Alikiacha rehani kwetu alipoomba maji ya kunywa. Si mlikuwa mnapita kwetu na mizigo kichwani?"

"Tulikuwa tunapita, tukawakuta mmelala. Tukirudi, bado mmelala."

Msomaji asiye wa kwetu nimweleze: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu enzi hizo za kubeba mizigo kwenda pwani. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, akalala ndani ya kaburi unalotaka kuzikia, akadai kuku wako, na huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kurudisha. Mimi niliyemheshimu mama miezi yote ile sikupata neno moja la maana kutoka kwake. Huyu kamtukana mara moja tu, na mama amekaa wima kitandani, amekunja mikono ya gauni, yuko tayari kwa vita.

Mtani akavuta kiti. "Sasa sikiliza, mtumwa. Hawa waungwana wamenieleza. Wanasema damu yako imejaa dawa mpaka inamwagika. Wewe na wenzako mmepewa sawa, wao wana kidogo, wewe unayo tele. Umeiba ya nani?"

"Mimi niibe?"

"Wanyamwezi nawajua. Ukimpa mzigo wa mtu, akifika umepungua."

"Mzaramo hana adabu! Mimi sijaiba dawa ya mtu! Mimi naikanda tu!"

Daktari hakuelewa neno, lakini alimwona mtani ameacha kucheka.

"Unakanda nini, mama?"

"Hicho kijiti chao." Mama akaonyesha chini ya kitovu kwa kidole, kisha akakumbuka nipo, akavuta shuka. "Kimekaa chini ya ngozi kama jipu. Kigumu. Hakichomi, hakiumi, kimelala tu. Dawa gani ya kulala? Kwetu kitu kigumu mwilini kinakandwa mpaka kilainike kifanye kazi. Na kimefanya! Si uvimbe umepungua?"

"Unakikanda kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya moto na chumvi. Kila jioni. Mkwe wangu ananichemshia, Mungu ambariki, mtoto yule ana moyo."

Mtani akageuka kunitazama. Halafu akatafsiri kwa Kiingereza, taratibu, na daktari akageuka kunitazama, na nesi akageuka kunitazama. Nikalitazama lile bango. Linasema unawe kwa maji ya vuguvugu.

Daktari alimwuliza mtani maswali mengi, akiandika mbio. Halafu mtani akamweleza mama, na hapo ndipo na mimi nilipoielewa ile dawa kwa mara ya kwanza, baada ya miezi yote ya kutikisa kichwa kwa Kiingereza. "Ubuyu unaujua, mama? Ule wa rangi, wa sukari?"

"Naupenda."

"Ubuyu unamung'unywa. Unauweka shavuni, utamu unatoka kidogo kidogo, punje moja inakutoa shule mpaka nyumbani. Hiki kijiti ni ubuyu. Mwili unamung'unya. Wewe ukikipasha moto ni kama umetafuna na kokwa. Utamu wote unakuja mara moja, unakulevya, halafu mdomo mtupu. Kulala kwake ndiyo kazi yake."

Mama akafikiri. "Hawakusema."

"Walisema."

"Walisema kwa simu. Mwanamume wa kwenye simu ananiuliza habari za tumbo langu, na mkwe wangu yuko nyuma ya pazia! Ningesikia nini?"

Daktari alisema hawezi kuamua pale pale. Itabidi awaulize wakubwa wa utafiti kama mgonjwa aliyepasha moto dawa anaweza kuendelea. Tungoje chini, apime damu tena, atatupigia baadaye.

Tukangoja kwenye mkahawa wa hospitali, watu watatu. Mama akakaa meza moja nami, mtani katikati kama mpaka wa nchi. Nikamwuliza mtani, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika na nilihitaji mtu wa kumkasirikia, kwamba hivi kweli mtu anakuja mpaka Marekani kuhesabu wagonjwa? Wakishahesabiwa wanapona?

"Hawaponi," akasema. "Lakini nchi haiwezi kununua mashine ya kitu isichojua kina watu wangapi. Na mimi siwezi kujua, kwa sababu watu wenu wote wanakufa kwa tumbo. Nikiuliza mkoani, huyu alikuwa na nini? Tumbo. Na huyu? Presha. Huyu? Aliumwa kidogo tu. Nchi nzima inaumwa tumbo!"

Mama alikuwa anazungusha kikombe. "Dada yangu mkubwa alikuwa na kitu kama hiki," akasema. "Pale pale. Tukamkanda. Kila jioni mimi ndiye nilikuwa nachemsha maji. Tukamkanda mpaka akafa."

Akakiweka kikombe chini.

"Tukawaambia watu ni tumbo," mama akasema.

Nilisubiri mtani arushe neno, maana ndiyo kazi yake hata msibani. Aliweka mkono mezani karibu na kikombe cha mama, akauacha hapo. Baadaye kidogo akasema, "Huyo sina mahali pa kumweka, mama. Hana karatasi ya hospitali."

"Mweke tu."

"Sina pa kumweka."

"Hapo hapo kwenye hesabu zako, pembeni. Mtu mzima hawezi kukosa nafasi."

"Haiwezekani, mama." Akasafisha koo. "Ila binti yako anajua kuhusu huyo dada?"

"Hajui."

"Mwambie. Leo. Yeye naye ana matiti."

Nikagundua kwamba kuna mashine ya kuuza soda kwenye kona ile, na kwamba ilihitaji kutazamwa kwa makini sana. Nilipogeuka, mama alikuwa anampiga mtani begani kwa ushungi. "Mbele ya mkwe wangu! Mzaramo amelelewa na kima huyu!"

Lakini alimwambia. Tulipofika nyumbani alimwita mwanawe chumbani, na safari hii mlango ulifungwa na mama, si na mke wangu. Walikaa sana. Mke wangu alipotoka alikuwa amelia na alikuwa amekasirika, vyote kwa pamoja, na kwa kuwa mama hakasirikiwi, akaja kwangu. "Maji ya moto!" akasema. "Kila jioni! Na chumvi!"

"Aliniambia miguu."

"Julai?"

"Nilidhani ni kiyoyozi."

Halafu akaanza kucheka, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni akiwa bado na sare, akacheka mpaka akarudi kulia. Nikakaa karibu naye. Sakafu ilikuwa ngumu lakini nikabaki pale pale.

Hospitali ilikaa kimya siku nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Mama hakuomba maji. Jioni alisimama mlangoni mwa jikoni kwa mazoea, akalitazama birika, akarudi chumbani. Kizunguzungu kikapungua, kutapika kukakoma, na kila alipopata nafuu aliogopa zaidi, maana ilikuwa na maana kwamba kijiti kinaelekea kuisha na hakuna aliyesema kama atapewa kingine. Niliyapeleka malori Amarillo wakati yalitakiwa Laredo. Bosi akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema bado.

Halafu daktari akapiga. Wamekubali. Mama atawekewa kijiti kipya na ataendelea na dawa, kwa kuwa imeonekana inamfaa. Ila miezi yote ya kijiti cha kwanza haitahesabiwa kwenye utafiti, maana kilipashwa moto. Anaanza upya, kama aliyeingia jana. Na safari zinaanza upya. Kila mwezi.

Jioni mtani akapiga simu kumpa mama habari hiyo hiyo, nikaweka sauti ya juu.

"Kwa hiyo mimi miezi yote ile sikuhesabiwa?" mama akauliza.

"Hukuhesabiwa, mtumwa."

"Na huyu mkwe wangu aliyeendesha mpaka mgongo umepinda?"

"Huyo ndiye kabisa. Huyo hayumo hata kwenye kijitabu cha chanjo za mbwa."

Akacheka yeye, akacheka mama, akacheka mke wangu. Mimi ndiye mwenye mgongo.

Sharti la daktari lilikuwa moja: joto lisikaribie tumbo. Na hapo tukakwama, maana miguu ya mama kweli ilikuwa inapata baridi, kumbe hilo halikuwa uongo wote, na maji aliyataka. Nani atahakikisha maji yanaishia miguuni? Mke wangu ana shifti za usiku. Mimi siwezi kuingia chumbani kwa mama mkwe hata nyumba ikiwaka. Mtani alishauri apige simu kila jioni amtukane mpaka maji yapoe, na kwa siku chache alifanya hivyo, lakini naye ana kazi na ana Katy yake.

Mama ndiye aliyelitatua. Jioni moja alitoka chumbani amebeba beseni mwenyewe, akapita mbele yangu, akaliweka katikati ya sebule. Akaketi, akapandisha gauni mpaka kwenye vifundo vya miguu, si zaidi, akaingiza miguu yote miwili kwenye maji, mbele ya mkwe wake, taa zote zikiwaka. Hakunitazama. Aliitazama televisheni.

"Anayetaka kuhakikisha, ahakikishe," akaiambia televisheni.

Nikahakikisha. Nilitazama mara moja, kisha nikaitazama televisheni na mimi. Tangu hapo ni hivyo kila jioni: maji yako kwenye beseni, miguu iko kwenye maji, na kijiti kipya kimelala kinapotakiwa kulala. Mwezi uliopita daktari alisema uvimbe umepungua tena.

Tatizo ni kwamba mahali pekee sebuleni ambapo beseni linakaa vizuri bila kumwagika ni mbele ya kochi. Kesho tuna safari ya Houston na ningependa kupumzisha mgongo. Mama amejiegemeza, amefumba macho, anasema kochi hili lina shimo mahali, sijui ni nani aliyelichimba. Mimi niko kwenye kiti cha plastiki.